Joto la Usiku la Phoenix Si la Kubetia: Hela Iende Shambani, Akili Yao Tuichukue



Siku hizi nimepata swali linalofanana kutoka kwa vijana zaidi ya watatu, kila mmoja kwa maneno yake: "Bwana shamba, haya masoko ya mtandaoni ya kubashiri hali ya hewa ni dili? Si sisi ndo tunaishi na hali ya hewa kila siku?" Mmoja akaongeza kwamba hela yake ya mbolea ya kukuzia imekaa tu kwenye simu mpaka mvua ichanganye, sasa kwa nini isizunguke kidogo?

Mwenye haraka nampa jibu mapema: hapana. Hela ya mbolea isizunguke huko. Ila sitaishia kwenye "hapana" kama mzee wa baraza, kwa sababu ndani ya masoko hayo kuna akili ambayo wakulima wengi wa kibiashara tunaikosa, na hiyo akili ni bure. Makala hii ina sehemu mbili basi: kwa nini usiweke hela, na nini cha kuwaiba hao jamaa.

Kinachouzwa pale ni nini hasa

Wengi wanafikiri ni kubeti kama mkeka wa mpira. Inafanana, ila mpangilio wake ni wa soko. Marekani kuna kampuni kama Kalshi, ambayo ilipata kibali cha tume ya serikali inayosimamia biashara ya mikataba ya bidhaa mwaka 2020, ikafungua milango mwaka 2021. Masoko ya aina hii huuza mikataba ya ndiyo au hapana. Swali linaweza kuwa: "Leo joto la chini kabisa la mji fulani litakuwa kati ya nyuzi hizi na hizi?" Ikiwa ndiyo, mkataba unalipa dola moja. Ikiwa hapana, unalipa sifuri.

Bei yake inatembea kati ya senti 1 na senti 99. Mkataba ukiuzwa senti 30, maana yake wanunuzi na wauzaji kwa pamoja wanaona uwezekano wa jambo hilo ni kama asilimia 30. Hapo ndipo utamu wake ulipo: bei yenyewe ni utabiri.

Piga hesabu. Tuseme umenunua mikataba 100 kwa senti 30. Umetoa dola 30. Ukishinda unapokea dola 100, faida 70. Ukikosa, 30 zimekwenda. Sasa kama kweli uwezekano ni asilimia 30, ukirudia mchezo huo mara 100 utashinda mara 30 na kupata dola 2,100, utashindwa mara 70 na kupoteza dola 2,100. Jumla ni sifuri. Halafu mwenye soko anachukua ada yake, kwa hiyo uko chini ya sifuri. Ili upate faida lazima ujue kitu ambacho bei haikijui. Kuwa mkulima hakutoshi. Lazima umzidi yule anayekuuzia.

Mji wa jangwani na kipimajoto kimoja

Tuchukue Phoenix, jimbo la Arizona, kwa sababu ni mji wa jangwani unaojulikana na kumbukumbu zake za joto zimeandikwa vizuri. Mtu wa huku akisikia "jangwa" anawaza joto la mchana. Mchana wa Phoenix ni mkali kweli: kuanzia tarehe 30 Juni hadi 30 Julai 2023 mji ule ulikaa siku 31 mfululizo ukifika nyuzi 110 za Farenhaiti au zaidi, yaani zaidi ya nyuzi 43 za Selsiasi. Ila kwa mtu wa mimea, habari kubwa ya mwezi ule ilikuwa usiku. Tarehe 19 Julai 2023 joto la chini kabisa la siku lilikuwa nyuzi 97 za Farenhaiti, sawa na 36 za Selsiasi. Soma tena: hicho ndicho kiwango cha *chini*. Na usiku 16 mfululizo mwezi ule joto halikushuka chini ya 90 za Farenhaiti, yaani kama 32 za Selsiasi.

Kwa nini? Jangwa la kawaida hupoa haraka usiku. Hewa ni kavu, anga halina mawingu, ardhi inaachia joto lake juu bila kizuizi. Lakini mji uliojaa lami, zege na paa hunywa joto mchana kutwa halafu hulitema usiku kucha. Kipimajoto rasmi cha Phoenix kiko uwanja wa ndege wa Sky Harbor, katikati ya mji, karibu na njia za ndege. Ukienda mashambani nje ya mji, usiku huo huo unakuta kumepoa zaidi.

Na unyevu nao una kazi yake. Arizona wana msimu wa mvua za radi unaohesabiwa kuanzia tarehe 15 Juni hadi 30 Septemba. Unyevu ukipanda, usiku haupoi vizuri, maana mvuke hewani ni kama blanketi. Lakini mvua ya radi ikipiga karibu, hewa ya baridi inashuka ghafla na joto linaporomoka kwa dakika chache. Kitu kile kile kinaweza kusukuma namba juu au chini kutegemea wingu limepita wapi.

Sasa tazama mtego wake. Siku inahesabiwa kuanzia saa sita usiku mpaka saa sita usiku inayofuata. Kwa kawaida joto la chini linatokea alfajiri, jua linapokaribia kuchomoza au likiwa limetoka tu. Phoenix iko nyuma yetu kwa saa 10, kwa hiyo alfajiri yao ya saa kumi na moja na nusu kwetu ni saa tisa na nusu alasiri. Wewe unaona namba, unasema "imeshatulia, nimeshinda," unaenda kulala. Saa mbili usiku kwao, ambayo kwetu ni saa kumi na mbili asubuhi ya kesho yake, wingu la radi linapiga uwanja wa ndege, joto linashuka chini ya lile la alfajiri. Joto la chini la siku limebadilika. Unaamka unapiga mswaki, hela haipo.

Kuna mtego mwingine mdogo lakini unakata kama wembe. Vipimo vya moja kwa moja unavyoviona mtandaoni kila baada ya dakika tano huwa vimezungushwa kwanza kwenye nyuzi kamili za Selsiasi, halafu vikageuzwa kuwa Farenhaiti. Nyuzi 30 za Selsiasi ni 86 za Farenhaiti. Lakini namba halisi iliyozungushwa ikawa 30 inaweza kuwa popote kati ya 85 na kidogo mpaka karibu 87. Malipo hayafuati ile ya kwenye skrini yako. Yanafuata ripoti ya siku ya Idara ya Taifa ya Hali ya Hewa ya Marekani, ambayo hutoka baadaye. Na vipande vinavyouzwa mara nyingi vina upana wa nyuzi mbili tu za Farenhaiti, kama nyuzi moja ya Selsiasi. Nyuzi moja! Mimi na wewe tukisimama kwenye kona mbili za shamba moja la ekari tano alfajiri tunaweza kutofautiana nyuzi moja.

Unacheza na nani

Hapa ndo naomba vijana wenzangu tuwe wakweli. Mtu anayekuuzia mkataba wa senti 30 anaweza kuwa ni kijana kama wewe. Lakini anaweza pia kuwa ni mtu aliyesomea hali ya hewa, mwenye programu inayosoma kipimajoto cha Sky Harbor bila kulala, inayolinganisha modeli za utabiri za Marekani na Ulaya kila zinapotoka, na inayojua modeli ipi huwa inakosea kwa nyuzi ngapi upepo ukitoka mashariki. Taarifa hizo karibu zote ziko wazi kwa kila mtu. Ndo maana haziwezi kukupa faida: kila mtu anazo, na yeye ana kasi.

"Lakini bwana shamba, hii ni ujuzi, siyo bahati." Nakubali. Kubashiri joto la usiku ni ujuzi kuliko kubashiri kadi nyekundu. Ila mchezo wa ujuzi ni hatari zaidi kwa asiye na ujuzi. Kwenye bahati tupu, mjinga na mwerevu wako sawa. Kwenye ujuzi, hela inatembea kutoka kwa mjinga kwenda kwa mwerevu taratibu, kila siku, kama maji kwenye mfereji.

Na wageni wanapendelea nini? Mikataba ya bei chee, ile ya senti 3 au 5, kwa sababu ukipata inalipa mara 20 au 30. Ni tabia ile ile ya mkeka mrefu wa timu 15. Kwenye mbio za farasi imejulikana miaka mingi kwamba farasi wa bei chee hulipwa kidogo kuliko hatari aliyobeba. Anayenunua ndoto ndiye anayemlisha mwenzake.

Kisheria nako siyo shwari. Huko huko Marekani mwaka 2025 jimbo la Nevada na Kalshi walifikishana mahakamani, hasa kuhusu mikataba ya michezo: jimbo linasema hiyo ni kamari, kampuni inasema ni biashara ya mikataba chini ya serikali kuu. Ikiwa wenye nchi yao bado wanavutana, wewe unayetaka kuingia kwa akaunti ya rafiki au kwa njia ya mzunguko, siku hela ikikwama utamlilia nani?

Kuna jambo moja zaidi, na hili ni la utu. Namba ile ya usiku inayochezewa ndiyo namba inayoua watu. Mwaka 2023 kaunti ya Maricopa, ambayo Phoenix imo ndani yake, ilihesabu vifo 645 vilivyohusishwa na joto. Usiku usipopoa, mwili haupumziki, na mtu asiye na nyumba au asiye na kipozea hewa anaamka akiwa amechoka kuliko alivyolala. Sisemi kila anayenunua mkataba ni mtu mbaya. Nasema tukiitazama namba ile, tukumbuke ni kitu gani.

Je, siyo bima kwa mkulima?

Hii ndiyo hoja nzuri kuliko zote, na inastahili jibu zuri. Hoja inasema hivi: mkulima anaumia joto likishuka sana au likipanda sana. Basi anunue mkataba unaomlipa siku hiyo mbaya. Akipata hasara shambani, analipwa sokoni. Si ndo bima hiyo?

Kwa makampuni makubwa, wazo hili lina historia ya kweli. Mikataba ya hali ya hewa ilianza Marekani mwishoni mwa miaka ya 1990 kwenye biashara ya umeme na gesi, na soko la Chicago likaanza kuiuza rasmi mwaka 1999. Kampuni ya umeme inajua kabisa kwamba majira ya baridi yakiwa ya vuguvugu itauza kidogo. Wateja wake wako mjini, kipimajoto kiko mjini, na mkataba unahesabu joto la mwezi au msimu mzima. Hasara yake na namba ya mkataba zinatembea pamoja. Hiyo ni kinga.

Sasa mlete mkulima wa Arizona mwenyewe. Kusini-magharibi mwa jimbo, huko Yuma, ndiko inakolimwa sehemu kubwa sana ya saladi na mboga za majani zinazoliwa Marekani wakati wa baridi. Mkulima wa saladi wa Yuma anaogopa alfajiri ya baridi. Jalidi, ile barafu nyembamba ya asubuhi, ikishika majani, wavunaji hawaruhusiwi kugusa mpaka iyeyuke, kwa sababu jani lililoganda likishikwa linachubuka na linaoza mapema. Magari yanasubiri, vibarua wanasubiri, mteja anapiga simu. Hiyo ni hasara ya kweli inayotokana na joto la chini la siku.

Je, mkataba wa Phoenix utamsaidia? Yuma na Phoenix ziko mbali, kama kilomita 300. Phoenix ina zege, Yuma ana shamba la mfereji. Kipimajoto rasmi kiko juu ya ardhi kama mita moja na nusu hadi mbili, saladi iko chini kabisa, na usiku mtulivu usio na mawingu hewa ya chini ni baridi zaidi. Ndo maana jalidi inaweza kushika majani wakati kipimajoto cha juu bado kinasoma nyuzi 2 au 3 juu ya sifuri. Anaweza kupata hasara shambani na mkataba ukagoma kumlipa. Au akalipwa siku ambayo hakuumia. Ya pili inafurahisha, lakini ya kwanza ndiyo inayofunga shamba.

Hapa kwetu tatizo hilo hilo tunalijua kwenye bima ya mazao inayofuata vipimo vya mvua. Kenya walianza mradi wa Kilimo Salama mwaka 2009 kwa kutumia vituo vya hali ya hewa, na somo lake kubwa kwa kila aliyefuatilia bima za namna hii ni moja: kituo kikiwa mbali na shamba lako, mvua inaweza kunyesha kituoni na wewe ukabaki na vumbi. Lakini angalau bima imetengenezwa kwa ajili ya zao lako, msimu wako na eneo lako. Mkataba wa siku moja wa uwanja wa ndege wa Phoenix haukujui wewe wala nyanya zako.

Kipimo changu ni chepesi. Kabla ya kuita kitu kinga, jiulize: "Siku kitu hiki kinaponilipa, je, ni siku ile ile ninapopata hasara shambani?" Kama jibu ni ndiyo, hiyo ni kinga, zungumza na watu wa bima. Kama jibu ni hapana, hiyo ni kamari, hata ikivaa koti la hali ya hewa.

Sasa tuchukue akili yao

Nimeshasema hapana ya kutosha. Wale wanaofanikiwa kwenye masoko yale wana tabia nne ambazo zingemfaa kila kijana wa kilimo biashara. Hazihitaji dola hata moja.

*Kwanza, wanasema kwa namba.* Sisi tunasema "leo usiku kutakuwa na baridi kali." Wao wanasema "uwezekano wa kushuka chini ya kiwango hiki ni asilimia 20." Tofauti siyo mapambo. Namba inakuwezesha kuamua, neno "kali" halikuwezeshi.

*Pili, wanajua kipimo kiko wapi.* Mfanyabiashara wa joto la Phoenix anajua kituo kiko uwanja wa ndege na anakijua kuliko jirani yake. Wewe utabiri wa TMA unaousikia, unajua unazungumzia kituo gani na shamba lako liko juu au chini ya kituo hicho? Hewa ya baridi ni nzito, inashuka na kujaa mabondeni usiku kama maji. Shamba la bondeni Makete au Njombe linaweza kuungua na jalidi huku la mlimani kwa jirani likiwa salama.

Kwa hiyo nunua kipimajoto kinachohifadhi kiwango cha juu na cha chini. Kiweke kivulini, mita moja na nusu kutoka ardhini, mbali na ukuta na bati. Ukiweza, ongeza cha pili kwenye kimo cha mmea. Kila asubuhi andika namba tatu kwenye daftari: utabiri ulisema ngapi, kipimajoto chako kimesoma ngapi, tofauti ni ngapi. Fanya hivyo usiku 60. Ukikuta shamba lako kwa kawaida liko nyuzi 3 chini ya utabiri siku za anga jeupe, na nyuzi 1 tu siku za mawingu, umepata kitu ambacho hakuna mtaalamu wa ofisini atakupa, mimi nikiwemo.

*Tatu, wanajirekebisha.* Aliyesema asilimia 20 mara hamsini, anarudi kuhesabu: je, kweli lilitokea kama mara kumi? Likitokea mara ishirini na tano, anajua alikuwa anajidanganya. Sisi tunakumbuka ile siku moja tuliyopatia, tunasahau tisa tulizokosa. Daftari halisahau.

*Nne, na hii ndiyo kubwa, wanalinganisha gharama na hasara.* Hesabu yenyewe ni ya darasa la sita: gawa gharama ya kujikinga kwa hasara utakayoiepuka. Jibu ndilo kiwango chako cha kuchukua hatua.

Mfano. Una kitalu cha nyanya za mbegu chotara ukanda wa baridi. Kufunika kitalu usiku mmoja, kwa maana ya nyasi, turubai na kibarua, tuseme ni sh. 30,000. Miche ikiungua unapoteza sh. 300,000. Gawa 30,000 kwa 300,000, unapata asilimia 10. Maana yake ni kwamba uwezekano wa jalidi ukizidi asilimia 10, funika. Usisubiri uwe na uhakika. Ukisubiri uhakika wa asilimia 80 utakuwa umeshaungua mara kadhaa.

Mfano wa pili. Una shamba la viazi mviringo, na kinga pekee uliyonayo ni kumwagilia mapema ili udongo wenye maji utunze joto la mchana na kuliachia usiku. Mafuta ya pampu na vibarua, tuseme sh. 400,000. Hasara utakayoiepuka, tuseme sh. 800,000. Gawa, unapata asilimia 50. Hapa usikurupuke kila ukisikia neno baridi, kwa sababu kengele za uongo tatu zinakula faida yote ya msimu. Utabiri ni ule ule, usiku ni ule ule, lakini kwenye kitalu unachukua hatua na kwenye viazi unatulia.

Namba hizo ni za mfano. Weka zako. Kijana akija ofisini na hesabu hiyo mkononi, namwona amevuka kutoka kulima kwenda kufanya biashara ya kilimo.

Na joto la usiku je?

Phoenix inatufundisha jambo lingine ambalo watu wa ukanda wa chini wanalisahau. Tunahangaika na jua la mchana, kumbe mmea unaumia na usiku. Nyanya inapenda usiku wa kama nyuzi 15 hadi 20. Usiku ukikaa juu ya nyuzi 21 hadi 24 kwa siku nyingi, chavua inadhoofika, maua yanapukutika, na mkulima anakimbilia dukani kununua dawa ya ugonjwa ambao haupo. Wakulima wa pamba wa Arizona wanalijua hili vizuri: msimu wa unyevu ukiingia na usiku ukawa wa moto, pamba inaangusha vitumba vichanga, na Chuo Kikuu cha Arizona kimekuwa kikiwapa tahadhari za joto kwa ajili hiyo.

Kwa hiyo wewe wa Pwani au Morogoro bondeni, unayetaka nyanya zichanue Januari na Februari kwa kuwa bei itakuwa nzuri, kipimajoto chako cha usiku kikuambie kwanza. Kama usiku wako unacheza nyuzi 25, chagua mbegu inayovumilia joto, au panga tarehe ya kupanda ili maua yaangukie miezi ya ubaridi. Hapo ndipo joto la chini la siku linakulipa hela halisi, bila ada ya mtu.

Neno langu kwa mwenye hela kwenye simu

Ndugu yangu mwenye hela ya mbolea, naelewa hela iliyokaa inawasha. Lakini hela ile haijakaa bure, inasubiri mvua ichanganye na mahindi yafike magotini. Mahindi yakikosa mbolea ya kukuzia kwa wakati, hakuna mkataba wa senti 30 utakaoyarudisha. Ukishinda Phoenix, utacheza tena kesho, kwa sababu Phoenix ina joto la chini kila siku ya Mungu, siku 365. Msimu wako unao mmoja au miwili kwa mwaka.

Ukitaka sana kujipima kama unaijua hali ya hewa, jipime kwa daftari. Kila jioni andika asilimia yako kwa ajili ya shamba lako, kila asubuhi jisahihishe. Baada ya miezi miwili njoo nalo ofisini au nitumie picha ya kurasa zake, tutakaa tupige hesabu ya kiwango chako cha kuchukua hatua kwa zao lako. Kazi hiyo naifanya bure, ndo mshahara wangu.

Tukutane shambani.